Kipwa Ndani ya Lupango: Mwongozo wa Kutazama Ndege, Wadudu na Miti Wakati wa Baridi Lubumbashi

Mtu wa Lubumbashi anaposema kwamba baridi imeingia, anamaanisha ile sehemu ya kipwa, yaani msimu wa ukavu, inayoanza katikati ya Mei na kwenda hadi mwanzo wa Agosti, ambapo mvua imekwisha kabisa, upepo wa kusini-mashariki unapasua midomo, na mama anayeuza mikate asubuhi anajifunika kitenge cha pili juu ya kile alichovaa. Mji wetu uko kwenye mwinuko wa kama mita 1,200, kwa hiyo usiku wa Juni na Julai kipimajoto hushuka chini ya nyuzi 10, ilhali mchana wa siku hiyohiyo kinaweza kupanda tena hadi 25. Wengi huona kwamba huo ni wakati wa vumbi tu, na kwamba mwenye hamu ya kutazama viumbe angoje mvua. Mimi nimelitazama lupango langu, yaani kiwanja cha nyumba yangu, kwa misimu kadhaa na sikubaliani nao. Mvua ikinyesha, chakula na maji viko kila mahali na wanyama hutawanyika; baridi ikiingia, kila kiumbe hutafuta vitu viwili ambavyo vimekuwa haba, yaani joto la asubuhi na maji ya kunywa, na anayejua vitu hivyo viko wapi ndani ya lupango lake anaweza kuketi juu ya kigoda na kuwasubiri waje wenyewe.

Matayarisho

Vifaa ni vichache: daftari, kalamu, fimbo iliyonyooka, funiko kubwa la chungu cha udongo, na kipimajoto cha bei ndogo kama unaweza kukipata sokoni. Darubini si lazima. Tena, katika mitaa ya mji wetu iliyobanana kama ya Katuba au ya Kenya, darubini huleta maneno, kwa sababu jirani akiiona imeelekezwa upande wake atauliza unachunguza nini, na atakuwa na haki ya kuuliza. Ukiwa nayo, nenda kwanza ukaseme: «Mama, samahani, asubuhi utaniona nimeketi pale ukutani ninatazama ndege, usiwe na wasiwasi.» Maneno hayo machache hukuokoa na mengi, na mara nyingi jirani mwenyewe ndiye atakayekuambia baadaye kwamba kuna kiota nyuma ya jiko lake. Usiielekeze kamwe kwenye kambi ya askari au kwenye jengo linalolindwa, hata kama ndege mzuri kuliko wote ametua juu ya paa lake.

Hatua ya kwanza: tafuta kaskazini ya lupango lako

Watu huruka hatua hii kwa sababu inafanana na somo la shuleni, lakini hatua nyingine zote zinaitegemea. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwenye latitudo ya nyuzi 11 na zaidi ya nusu, na katika Juni jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini wa anga. Simika fimbo mahali palipo wazi, wima kabisa, ili ibaki mita moja juu ya ardhi. Kuanzia saa sita kamili za mchana weka kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, mpaka saa sita na nusu. Kijiwe kilicho karibu zaidi na fimbo, ambacho kwa kawaida utakuwa umekiweka kabla kidogo ya saa sita na robo, kinaonyesha kusini, na upande wa pili wa fimbo ndio kaskazini.

Tarehe 21 Juni, siku fupi kuliko zote za mwaka, kivuli hicho kina kama sentimita 70. Mwisho wa Julai kitakuwa kama 58, mwisho wa Agosti kama 37, na kuelekea tarehe 24 Oktoba kitatoweka kabisa chini ya fimbo, kwa maana jua litakuwa limesimama juu ya utosi. Acha fimbo pale kwa msimu wote na uandike urefu wa kivuli kila Jumapili, kwa sababu mabadiliko mengi utakayoyaona kwenye miti na kwa ndege yanafuatana na mwendo huo.

Sasa zunguka nyumba. Ukuta unaotazama kaskazini hupigwa na jua karibu mchana kutwa, nao wa matofali hubaki na uvuguvugu hata baada ya jua kuzama, ilhali ule wa kusini haukauki umande mpaka mchana. Kwenye ukuta wa kaskazini ndiko utakakofanya sehemu kubwa ya kazi yako. Ukiwa na kipimajoto, kiache usiku mmoja karibu na ukuta huo na usiku wa pili kwenye sehemu ya lupango iliyo chini kuliko zote, ukichagua siku mbili zinazofanana. Hewa ya baridi ni nzito na hutiririka kuelekea mabondeni kama maji. Tofauti ya nyuzi mbili au tatu ndani ya lupango moja si ajabu, na hiyo ndiyo sababu bustani za mboga za kando ya mto Lubumbashi na mto Kafubu huamka zimefunikwa na ukungu wakati barabara ya juu ni kavu.

Hatua ya pili: uwe umeketi kabla jua halijachomoza

Mwishoni mwa Juni jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu. Keti robo saa kabla ya hapo, uso ukielekea magharibi, ili mwanga utakapokuja uwaangukie ndege na usikuumize macho. Vaa nguo nzito, na ukitaka kujiotea mbabula, yaani jiko la makala (makaa), uweke mbali, maana moshi wake huwafukuza unaowasubiri.

Wa kwanza kusikika kwa kawaida ni shorewanda, ndege wa kahawia mwenye kichwa cheusi na rangi ya manjano chini ya mkia, ambaye huimba kabla hajaonekana. Tetere hufuata, nao hutua kwenye waya wa umeme wakiwa wamevimba kama mipira. Hawakunenepa usiku mmoja: wameinua manyoya ili kushika hewa katikati yake, na hewa hiyo ndiyo blanketi lao. Jua likiwafikia, tazama jinsi mwili unavyopungua polepole mpaka tetere akarudi kuwa tetere. Andika saa aliyovimba na saa aliyonywea, kisha linganisha na asubuhi yenye mawingu.

Lakini wa kungojewa hasa ni kuzumburu. Huyu ni ndege wa rangi ya vumbi, mwenye kishungi kichwani na mkia mrefu kuliko mwili, ambaye mwenye mipapai anamchukia na ana sababu. Kuzumburu hulala kwa makundi wakiwa wamebanana kifua kwa kifua. Asubuhi hupanda kwenye ncha za kichaka, kila mmoja hujining'iniza kwa miguu iliyopanuliwa karibu usawa wa mabega, kisha hulifunulia jua tumbo lake lote, manyoya yakiwa yametawanywa hadi ngozi nyeusi ionekane. Hukaa hivyo kwa muda mrefu bila kula wala kugombana. Chakula chao ni majani na matunda, ambayo husagika kwa shida katika tumbo lililopoa, kwa hiyo wanalipasha moto kwanza ndipo waanze kazi. Mara ya kwanza nilipowaona nilidhani wamenaswa kwenye ulimbo, nikainuka kwenda kuwaokoa, wakaruka wote.

Hatua ya tatu: weka maji, na uyaweke vizuri

Kosa la maji lilinigharimu. Mwaka wangu wa kwanza niliweka beseni la plastiki, refu na laini kwa ndani, nikalijaza mpaka juu nikijiona mkarimu, na asubuhi ya tatu nikamkuta shomoro amekufa maji ndani yake, kucha zake zikiwa zimekosa pa kushika. Tangu siku hiyo natumia funiko la chungu lililogeuzwa. Udongo una mikwaruzo, ukingo unashuka taratibu, na kina hakizidi sentimita nne hata katikati, ambapo naweka pia jiwe moja lenye kutokeza juu ya maji.

Funiko liwe mita mbili hivi kutoka kwenye kichaka kilicho karibu. Likiwa chini ya kichaka chenyewe, paka atajificha humo. Likiwa mbali sana, ndege wadogo hawatathubutu kushuka kwa kuogopa mwewe na wenzake. Mwaga maji na ubadilishe kila asubuhi. Mbu ni wachache katika baridi lakini hawajakwisha, na yai la mbu huhitaji zaidi ya siku chache kufika kuwa mbu mzima, kwa hiyo anayemwaga kila siku hafugi mbu. Siku bomba likikauka, maji uliyooshea mboga za lengalenga yanafaa. Yenye sabuni hayafai.

Msongamano kwenye maji huja kati ya saa tatu na saa tano, na wanaokuja zaidi ni walaji wa mbegu, kwa sababu mbegu kavu haina maji ndani yake, tofauti na kiwavi au tunda. Hapa sogea karibu uwezavyo na utazame midomo. Shomoro na vile vindege vidogo vyekundu vinavyotembea uani kama kuku huchota tone moja, huinua kichwa juu, huliacha litiririke kooni, kisha huinama tena. Tetere hutumbukiza mdomo na kufyonza moja kwa moja bila kuinua kichwa, kama mtoto mwenye mrija wa soda. Ukishalijua hilo, unaweza kumtambua njiwa wa aina yoyote akinywa, hata akiwa kivuli tu dhidi ya mwanga.

Nyuki nao watakuja, wakati mwingine wengi kuliko ndege. Hawana nia mbaya mbali na mzinga wao, lakini usiwapungie mkono wala usiwamwagie maji. Wakizidi, waweke chombo cha pili chenye mchanga uliolowa, kisha usogeze chombo hicho mbali na mlango kidogo kidogo kila jioni, nao watafuata.

Hatua ya nne: ukuta, matofali, na kona isiyofagiliwa

Kuanzia saa nne ukuta wa kaskazini huwa na wageni wengine. Mijusi hutoka wakiwa na rangi iliyofifia na mwendo mzito, kwa kuwa damu yao hufuata joto la mahali walipo, na kadiri wanavyopata joto ndivyo rangi na mbio vinavyorudi. Yule mjusi mkubwa wa mtini, ambaye dume lake lina kichwa cha buluu, ni mfano mzuri: asubuhi unaweza kumkaribia, saa saba hutamwona ila mkia unaopotea nyuma ya shina.

Vipepeo wanastahili uvumilivu wako. Kuna vipepeo vidogo vya kahawia vinavyoruka chini chini kivulini, ambavyo wakati wa mvua huwa na madoa kama macho yaliyopangwa chini ya bawa. Katika kipwa hao hao huzaliwa karibu bila macho hayo, wakifanana kabisa na jani lililoanguka, na kinachoamua ni joto ambalo kiwavi alilipata akikua. Doa la jicho humdanganya adui apige ukingo wa bawa na kumwacha mwenyewe. Lakini juu ya majani makavu, asiyeonekana kabisa ana nafuu zaidi.

Kwa sababu hiyo nakuomba jambo moja gumu: acha kona moja bila kufagia. Ninajua kwamba lupango lililofagiliwa alfajiri ni heshima ya nyumba, na kwamba majani ya mwembe yakilundikana mgeni atasema. Mita moja ya mraba nyuma ya choo inatosha. Usiyachome majani hayo, na baada ya wiki tatu yainue polepole kwa kijiti. Utakuta buibui, mayai ya panzi, na huenda konokono mkubwa aliyeziba mlango wa gamba lake kwa utando mkavu kama karatasi, ambaye anasubiri mvua bila kula. Mrudishie majani yake.

Rundo la matofali ni jambo jingine. Usiingize mkono ndani yake wala usimruhusu mtoto, kwa sababu nyoka hupenda matofali yaliyopata jua kama mijusi yapendavyo, na nyoka aliyepoa hakimbii. Lipige kwa fimbo ndefu na ulitazame ukiwa mbali.

Mwenye kichuguu ndani ya lupango lake au kando ya njia yake asikidharau kwa kuwa kimenyamaza. Vichuguu vikubwa vya pande zetu, ambavyo hupita mita tano kwa urefu, ni vya kale kuliko mji: kimoja karibu na Lubumbashi kilichopimwa umri kwa kaboni kilionekana kuwa na zaidi ya miaka 2,000, wakati mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910. Udongo wa vichuguu hivyo ndio uliotoa matofali ya nyumba nyingi za hapa. Tazama ubavu wa kaskazini na ubavu wa kusini wa kichuguu kimoja, uandike ni mimea gani iko huku na ipi iko kule, na ni upi uliokauka kwanza.

Hatua ya tano: bundi

Najua kwamba wengine wataacha kusoma hapa. Bundi akilia juu ya paa, wazee husema analeta habari ya msiba, au kwamba ametumwa. Sibishani na mzee juu ya bundi, na sikushauri ubishane. Ninachofanya ni kutazama chini ya mahali anapolala, ambapo bundi mwenye uso mweupe ulio kama moyo huacha mabonge meusi ya ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, na kile ambacho tumbo haliwezi kukisaga hukitapika.

Chukua bonge moja kwa kijiti, limwagie maji ya moto, uliache mpaka lilainike, kisha ulifumue juu ya gazeti kwa miiba miwili ukiwa umevaa glovu au mfuko wa plastiki mikononi. Manyoya yatatoka kama pamba chafu, na ndani yake kuna mifupa mizima: mataya yenye meno mawili marefu ya rangi ya chungwa mbele, mbavu nyembamba kama nyuzi, na fuvu lisilozidi ukucha wa kidole gumba. Hesabu mafuvu. Katika bonge moja nimewahi kupata matatu, na nilipoyapanga juu ya kibao mbele ya baba mkwe wangu, ambaye alikuwa amelalamika mwezi mzima kwamba panya wanamaliza unga wa bukari (ugali), aliyatazama kwa muda mrefu, akauliza kama ndege huyo anakuja kila usiku. Osha mikono kwa sabuni ukimaliza.

Hatua ya sita: miti

Chagua miti mitatu tu na uitazame siku moja katika wiki. Wa kwanza uwe mwembe, kwa sababu mashada ya maua yake hujitokeza katikati ya baridi, na nzi wadogo na nyuki watakaoyatembelea ndio watakaokupa embe mwishoni mwa mwaka. Wa pili, ukiwa nao, uwe poinsetia, kile kichaka ambacho majani yake ya juu hugeuka mekundu na watu wakayaita maua, ingawa maua yenyewe ni vile vitufe vidogo vya manjano katikati. Poinsetia hupima urefu wa usiku: usiku unapokuwa mrefu wa kutosha, rangi huanza. Iliyo karibu na taa inayowaka usiku kucha huchelewa au hukosa rangi upande wa taa, jambo ambalo unaweza kulithibitisha mwenyewe kwa macho.

Wa tatu ni muputu au mti mwingine wa miombo, ikiwa mtaa wako haujachomwa wote kuwa makala. Asiye nao atumie jakaranda ya barabarani. Muputu huvaa majani mapya mekundu mwishoni mwa kipwa, wiki kadhaa kabla ya tone la kwanza la mvua. Jakaranda, mgeni kutoka Amerika ya Kusini, huvua majani kisha hupiga maua ya zambarau Septemba na Oktoba.

Usiku

Wadudu wa taa ni wachache katika baridi, kwa hiyo umeme ukikatika usinung'unike, toka nje utazame juu. Julai, kama saa mbili usiku, nyota za Nge ziko karibu na utosi, mkia wake ukiwa umepindika waziwazi, na Msalaba wa Kusini uko upande ule ambao kijiwe cha fimbo yako kilionyesha. Fanya hivyo mapema katika msimu, kwani kuanzia Agosti moshi wa majani yanayochomwa porini huifunika anga, na jua la jioni huzama likiwa jekundu na bila miali.

Daftari, na wale wasiokuwepo

Andika tarehe, saa, hali ya anga, kiumbe, na alichokuwa akifanya. Usiandike jina ambalo huna hakika nalo. «Ndege mweusi na mweupe anayetikisa mkia, kwenye udongo uliomwagiwa maji» ni maelezo yanayofaa kuliko jina la kubahatisha. Andika pia waliokosekana, kwa sababu katika baridi kukosekana ni habari. Mbayuwayu wa Ulaya wameondoka tangu Aprili, na ukimwona mbayuwayu Julai, huyo ni mwenyeji, mmoja wa wale wanaojenga viota vya udongo chini ya madaraja. Mwewe wenye mdomo wa manjano nao wengi wao huwa hawapo katikati ya baridi. Kunguru hutawala jaa peke yake mpaka mwisho wa Julai au Agosti, siku ambayo utasikia mlio mwembamba unaotetemeka juu ya paa na kuona mkia wenye panda ukigeuka hewani. Iandike tarehe hiyo kwa wino mwekundu. Baada ya hapo watazame penye moto wa nyasi, ambapo hukata hewa mbele ya moshi wakiwadaka panzi wanaokimbia.

Endelea kupima kivuli mpaka fimbo iwe haina kivuli. Mvua ya kwanza ikija na kumbikumbi wakatoka ardhini, osha funiko la chungu na ulirudishe jikoni, maana kuanzia siku hiyo hakuna ndege atakayelihitaji.